Hasheem Thabeet: Kijana wa Dar Aliyekuwa Namba Mbili, na Jinsi Tunavyowapima Watu



Ndugu msomaji, Ramadhan ikiingia hapa Machakos, vijana wetu wakishamaliza tarawehe huwa hawaendi nyumbani moja kwa moja. Wanasimama kidogo nje ya msikiti, na mazungumzo ni yale yale: mpira wa Ulaya, nani amesajiliwa wapi kwa pesa ngapi, na jamaa fulani wa mtaani ambaye amepata karatasi za kwenda ng'ambo. Karibu kila mmoja ana ndoto ya kuvuka. Hakuna ubaya, riziki hutafutwa popote.

Lakini kuna jambo moja hatuliulizi. Huyo aliyevuka tutampima kwa nini? Kwa kelele zilizopigwa siku aliyoondoka? Kwa pesa alizotajiwa? Au kwa ile kazi aliyoifanya miaka yote baadaye, hata wakati kamera zilikuwa zimeshamwacha?

Toleo hili tumeona tulijibu swali hilo kwa historia ya mtu wa kwetu Afrika Mashariki, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Yeye ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ile ligi kubwa ya mpira wa kikapu ya Marekani. Wako wanaomtaja kwa fahari, na wako wanaomtaja kwa kucheka. Hebu tuiangalie safari yenyewe kwanza, halafu kila mtu ahukumu.

KIJANA MREFU WA DAR

Jina lake la nyumbani ni Hashim Thabit Manka. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Marekani walimjua kwa tahajia ya Hasheem Thabeet, na ndiyo iliyoenea duniani. Baba yake alikuwa msanifu wa majengo aliyesomea Uingereza. Mzee huyo alifariki Hasheem akiwa bado kijana, akaacha mjane na watoto watatu. Hasheem ndiye mkubwa wao. Wanaojua maisha ya nyumba zetu hawahitaji kuelezwa maana ya kuwa mtoto wa kwanza katika nyumba iliyofiwa na baba.

Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Tafadhali uweke moyoni umri huo, kwa sababu ndio ufunguo wa habari yote inayofuata. Mtoto wa Marekani anayetarajiwa kufika mbali kwa kawaida huanza kudunda mpira akiwa mdogo kabisa, hata kabla ya kujua kusoma vizuri. Akifika miaka 15 mwenzake ana karibu miaka kumi ya mazoezi, makocha na mashindano. Hasheem alikuwa ndio anajifunza namna ya kuushika.

Alichokuwa nacho ni urefu. Alikuja kusimama futi 7 na inchi 3, yaani mita 2.21. Ringi ya kikapu iko futi 10 kutoka chini. Mtu wa kimo hicho akinyoosha mkono tu, anakaribia kuigusa bila ya kuruka. Urefu kama huo haufundishwi na kocha yeyote, ni maumbile aliyopewa na Mola wake, na ndio uliomfungulia mlango wa kwenda Marekani.

Huko alipita katika shule zaidi ya moja kabla ya kumalizia sekondari katika shule ya Cypress Christian, mjini Houston, jimbo la Texas. Mwaka wa 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho wenyewe hukiita UConn, chini ya kocha mashuhuri Jim Calhoun.

MIAKA MITATU YA CONNECTICUT

Hapo ndipo alipochanua. Kazi yake kubwa ilikuwa kulinda kikapu. Mpinzani akija kwa kasi akidhani amebaki yeye na ringi, anakuta mkono wa Hasheem uko juu na mpira unarudi ulikotoka. Wachezaji wetu huita bloku. Katika msimu wa 2008 hadi 2009 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa kila mchezo. Bloku nne katika mchezo mmoja ni nyingi mno, maana wachezaji wengi huridhika wakipata moja.

Mwaka wa 2008 na tena 2009 alichaguliwa mlinzi bora wa jumuiya ya vyuo iitwayo Big East, ambayo wakati huo ilikuwa moja ya jumuiya ngumu kuliko zote. Mwaka wa 2009 akatangazwa pia mchezaji bora wa jumuiya hiyo, heshima aliyogawana na DeJuan Blair wa chuo cha Pittsburgh. Msimu huo UConn ilifika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na Michigan State kwa pointi 82 kwa 73 mjini Detroit mwezi wa Aprili.

Wakati ule watu walikuwa wakimfananisha na Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa aliyekuwa mfalme wa kuzuia mipira. Mutombo alistaafu mwaka huo huo wa 2009. Ilionekana kama Mwafrika mmoja anatoka na mwingine anaingia kushika zamu.

Hasheem alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa chuo. Akaamua kuondoka na kuingia NBA. Kama ningekuwa mimi au wewe, na nyumbani kuna mama, na mbele yako mkataba wa mamilioni ya dola, sijui nani kati yetu angejibu kwamba anasubiri kwanza.

USIKU WA KUCHAGULIWA

Kwa wasiofuatilia, NBA haisajili vijana kama klabu za soka. Kila mwaka mwezi wa Juni hufanyika shughuli iitwayo drafti. Timu ziko 30, na kila moja huitwa kwa zamu kuchagua kijana inayemtaka. Zamu za mwanzo huenda kwa timu zilizofanya vibaya, ili nazo zipate kuinuka. Na mshahara wa miaka ya mwanzo wa wale waliochaguliwa katika raundi ya kwanza unafuata namba. Wa kwanza analipwa zaidi ya wa pili, wa pili zaidi ya wa tatu, na kuendelea.

Tarehe 25 Juni 2009, aliyeitwa wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa pili, kwa timu ya Memphis Grizzlies, alikuwa Hasheem Thabeet. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hapo kabla yake. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa kijana mmoja mwembamba anayeitwa Stephen Curry.

Majina hayo yanaonyesha mzigo uliowekwa mabegani mwa Hasheem usiku ule. Harden alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka wa 2018. Curry amechukua ubingwa mara nne na kuugeuza mchezo wenyewe. Basi kila mmoja wao alipong'ara, waandishi wa michezo wa Marekani walimrudia Hasheem: mbona huyu alichaguliwa kabla ya wale? Kana kwamba alijichagua mwenyewe! Namba mbili aliipewa na wakubwa wa Memphis, lakini deni lake akadaiwa yeye.

MISIMU MITANO, TIMU NNE

Alipofika Memphis alimkuta Marc Gasol, Mhispania, ambaye naye ni senta na alikuwa ameshashika nafasi yake. Timu haichezeshi masenta wawili kwa pamoja kwa muda mrefu. Msimu wa kwanza Hasheem alicheza michezo 68, lakini kwa wastani wa dakika 13 tu, akipata pointi 3.1. Mkono wa kuzuia alikuwa nao, bali mbinu za kufunga na ile miguu ya kuzunguka chini ya kikapu zilikuwa hazijakomaa. Na dakika 13 za kuvunjika vunjika si shule.

Mwezi wa Februari 2010 Memphis ikampeleka kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo. Mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi kile kisha akashushwa huko, na vichwa vya habari vikapata la kusema. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2011, akauzwa kwa Houston Rockets, mji ule ule aliomalizia shule. Houston nayo alicheza michezo saba tu kwa jumla. Machi 2012 akapelekwa Portland. Mwaka huo huo akajiunga na Oklahoma City Thunder, timu iliyokuwa na nguvu sana, na hapo akakaa misimu miwili akiwa senta wa akiba.

Jumla ni michezo 224 ya NBA katika misimu mitano, kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Mwaka wa 2014 mlango ukafungwa, na hakurudi tena katika ligi hiyo.

Na wakati huo huo mchezo wenyewe ulikuwa unabadilika. Timu zilianza kupenda wachezaji wepesi wanaotupa kutoka mbali kwa pointi tatu. Yule senta mrefu wa kusimama chini ya kikapu, aliyekuwa lulu mwaka wa 2009, miaka sita baadaye akawa kama fundi wa kushona aliyeletewa nguo za tayari. Curry na Golden State walichukua ubingwa wa 2015 kwa mtindo huo mpya. Hasheem alifunzwa kazi moja, na kazi yenyewe ikahama sokoni.

HAKEEM NAYE ALIANZA NA MIAKA 15

Sasa mtu atasema, tatizo ni kuchelewa kuanza. Ni kweli, lakini si kweli yote. Tumwangalie Mwafrika mwingine, Mwislamu, ambaye naye aliujua mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15: Hakeem Olajuwon wa Lagos, Nigeria.

Hakeem alizaliwa mwaka wa 1963 katika familia iliyokuwa ikiuza saruji. Alisoma Muslim Teachers College mjini Lagos. Kabla ya kikapu alicheza mpira wa mikono na kudaka langoni katika soka, na huko ndiko miguu yake ilikojifunza wepesi. Alikwenda Chuo Kikuu cha Houston mwaka wa 1980. Msimu wa kwanza hakucheza kabisa. Wa pili alicheza, lakini kwa kiasi. Hakuna aliyemwita mzigo. Wakati wa joto alikwenda katika ukumbi wa Fonde pale Houston akafanya mazoezi na Moses Malone, mmoja wa masenta wakubwa wa zama zile, ambaye alimsukuma na kumfunza siku baada ya siku. Mwaka wa 1984 akachaguliwa namba moja, mbele ya Michael Jordan aliyekuwa wa tatu, na akabaki Houston miaka 17.

Mwaka wa 1994 alikuwa mchezaji bora wa ligi, wa kwanza aliyezaliwa nje ya Marekani, na akachukua ubingwa. Mwaka wa 1995 akauchukua tena. Na Ramadhan ya 1995 iliangukia Februari, katikati ya msimu. Hakeem alifunga swaumu akicheza, hata michezo ya mchana bila ya tone la maji, na mwezi huo huo wa Februari akatajwa mchezaji bora wa mwezi. Kijana anayetuambia kwamba hawezi kufunga kwa sababu kuna mechi ya mtaa Jumamosi, tafadhali aisome sentensi hiyo mara mbili!

Lengo la kumtaja Hakeem hapa si kumpiga nalo Hasheem. Wote wawili walianza wakiwa wamechelewa, na wote walikuwa warefu. Tofauti mojawapo kubwa ni yale waliyoyapata njiani. Hakeem alipewa muda, akapata mwalimu wa karibu na mahali pamoja pa kukua. Hasheem alivutwa juu haraka, akawekwa nyuma ya mtu aliyeshika nafasi, kisha akahamishwa huku na huku. Mche wa mwembe ukiung'oa kila mwaka na kuuhamishia shamba jingine, usiulaumu kwa kuchelewa kuzaa. Juhudi ya mtu ni yake, nayo ni lazima, lakini juhudi pia inahitaji udongo.

BAADA YA MLANGO KUFUNGWA

Hapa ndipo wengi huifunga hadithi ya Hasheem, na ndipo mimi naona inaanza kuwa na faida kwetu.

Mtu aliyekuwa namba mbili wa dunia, akachekwa kwa lugha zote, angeweza kukaa chini na kumlaumu kila mtu. Hasheem aliendelea kucheza. Msimu wa 2014 hadi 2015 alikubali kucheza ligi ndogo na Grand Rapids, katika kumbi ndogo kuliko zile alizozizoea. Mwaka wa 2017 akaenda Japani na Yokohama B-Corsairs. Mwaka wa 2020, akiwa na miaka 33 na dunia imefungiwa na korona, akaenda Taiwan na timu ya mji wa Hsinchu, katika msimu wa kwanza kabisa wa ligi mpya ya huko iitwayo P. League+.

Ukihesabu tangu 2009 utaona kwamba ule wakati wa NBA ulikuwa kipande tu cha maisha yake ya kazi. Kijana aliyeushika mpira mara ya kwanza akiwa na miaka 15 alikuwa bado anakula kwa jasho lake uwanjani miaka 18 baadaye, akiwa ameshapita mabara matatu. Tukimwita huyo aliyeshindwa, basi neno kushindwa tumelipa maana mpya. Wangapi kati ya vijana wa Afrika Mashariki wamecheza hata dakika moja ya NBA?

Usione vyaelea, vimeundwa. Na hata chombo ambacho hakikufika bandari iliyotangazwa, kama kilivuka bahari na mizigo ikashushwa salama mahali pengine, mwenye chombo hakupata hasara.

NA SISI HUKU?

Kenya pia tuna wetu. Mwaka wa 1993 mashindano ya mataifa ya Afrika ya mpira wa kikapu yalifanyika Nairobi, na Kenya ikamaliza ya nne. Halafu tukapotea miaka 28. Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae, Mkenya aliyekuwa akicheza kazi yake Denmark na Bakken Bears, alitupa mpira wa mwisho uliowafunga Angola 74 kwa 73, na baadaye mwaka huo timu yetu ikarudi katika mashindano hayo. Ongwae hakuwahi kucheza NBA. Lakini siku ile nchi ilimhitaji, naye alikuwa tayari, kwa sababu miaka yote alikuwa kazini mahali ambapo wengi wetu hatukuwa tukimtazama.

Na njia zimekaribia. Tangu 2021 kuna ligi ya vilabu ya Afrika, BAL, ambayo NBA yenyewe imeshirikiana na shirikisho la dunia kuianzisha. Mwaka wa 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kuingia humo. Kutoka Machakos mpaka Nairobi ni safari ya matatu moja tu!

Kwa hivyo, wazazi na vijana wenzangu, naomba tuchukue mambo matatu kutoka historia hii.

La kwanza ni kwa mzazi. Akija mtu akakwambia mtoto wako ni mrefu, au ana mbio, na yuko tayari kumpeleka ng'ambo, usiulize pesa kwanza. Uliza shule gani, nani atamlea, nani atakuwa mwalimu wake, na kama mambo yakiharibika atarudi na cheti gani mkononi. Mutombo alikwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari. Alitoka Georgetown na shahada ya lugha na diplomasia kabla ya kuwa tajiri wa kikapu, na mwaka wa 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa. Alifariki mwaka wa 2024, na hospitali ingalipo.

La pili ni kwa kijana. Usiikubali namba unayopewa na watu, iwe ya juu au ya chini. Alama za mtihani wa Fomu Foo ni namba. Mshahara ni namba. Zinasema pale ulipo siku hiyo tu. Kazi ni ile inayofuata asubuhi yake.

La tatu ni letu sote, na katika mwezi huu ndilo zito zaidi. Tuna tabia ya kumbeba mtu mabegani akiondoka na kumkwepa akirudi bila ya gari. Kuna vijana wa miji yetu walioko ng'ambo wanaoogopa kurudi nyumbani kwa sababu ya maneno yetu ya barazani tu. Tunafunga chakula na maji toka alfajiri hadi magharibi, kisha baada ya futari tunamla nyama ndugu yetu kwamba "ameharibikiwa". Kama kuna mmoja unayemfahamu, mpigie simu Ramadhan hii. Usimuulize ana nini. Muulize yu hali gani, na umwambie kwamba Idi nafasi yake kwenye sinia ipo.

Allah atukubalie swaumu zetu, awalinde wasafiri wetu, na awape vijana wetu riziki ya halali popote walipo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Mubarak.